Shajara ya mradi: mafuta ya breki na mafuta ya usukani kwenye Corolla 110

Gari na sababu ya kazi

Gari ni Toyota Corolla 110, injini 5A-FE, usukani wa kulia, diski mbele, dramu nyuma, bila ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge). Makazi yake ni Dar es Salaam, na mara kwa mara hupandishwa Lushoto. Mambo hayo mawili ya mwisho, unyevu wa pwani na mteremko wa mlima, ndiyo yaliyoleta kazi hii.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu hupenya polepole kwenye mipira ya breki na kwenye tundu la pumzi la mfuniko wa kikopo cha mafuta, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Kiwango cha Marekani, FMVSS 116, kinataka DOT 3 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) mpya isichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kinachotakiwa ni 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni kona juu ya kona, na kalipa za mbele, zinazobana pedi kwenye diski, zinapata moto hasa. Maji yaliyomo kwenye mafuta yakichemka yanageuka mvuke, na mvuke unabanika. Pedali inazama hadi sakafuni ilhali pedi ni nzima na hakuna tone lililovuja. Gari likipoa breki zinarudi, na fundi atakayelipokea kule chini hataona kitu.

Ndiyo maana kujazia hakutoshi. Kikopo kinashuka kwa sababu pedi zinalika: pistoni za kalipa zinatoka nje kidogo kidogo na mafuta yanazifuata. Anayejazia anaweka mafuta mapya juu ya kikopo, wakati yale yaliyolowa maji yamekaa kwenye kalipa na kwenye wili silinda (silinda ndogo za breki za nyuma), mahali penye moto, wala hayasogei hata akijazia mwaka mzima. Tena siku pedi mpya zikifungwa na pistoni zikasukumwa ndani, mafuta ya ziada yanafurika kutoka kwenye kikopo na kula rangi ya gari.

Mafuta ya usukani yamewekwa kwenye mradi huu kwa sababu yamekuwa meusi na pampu inalia usukani ukikunjwa hadi mwisho. Lakini kazi hizi mbili zimepangwa siku tofauti, kwa bomba la sindano tofauti, mipira tofauti na chupa tofauti, zote zikiandikwa kwa kalamu ya wino mzito: BREKI, USUKANI. Usukani wa Toyota hii unatumia ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki), ambayo hutokana na mafuta ghafi ya petroli, nyekundu. Sili za breki, yaani mipira ya ndani inayozuia mafuta kuvuja, zimetengenezwa kwa mafuta ya glaikoli. Zikiguswa na ATF zinavimba, zinalainika, na pistoni zinagoma kurudi. Kiasi kidogo tu kilichobaki kwenye bomba la sindano kinatosha kuharibu masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali), kalipa mbili, wili silinda mbili na mipira yote. Kosa hilo halina dawa ya kusuuza. Kila kipande cha mpira kinabadilishwa, na bomba za chuma zinasafishwa kabla ya kufunga upya. Kama mtu hana uwezo wa kununua vyombo viwili, basi afanye kazi moja tu.

Ijumaa jioni: ukaguzi

Kabla ya kuinua gari, tumechukua matone machache ya mafuta kutoka kwenye kikopo cha breki na kuyatia kwenye glasi ya maji. Mafuta halisi ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Kama kuna utando unaoelea, kuna mtu alishamimina ATF au oili ya injini humo, na kazi inaishia hapo mpaka mpira wote ubadilishwe. Glasi yetu ilibaki safi, rangi ya chai hafifu. Pia tumeangalia mpira ulio chini ya mfuniko: ukiwa umevimba na kukataa kukaa kwenye kingo zake, hiyo ni dalili ileile ya ATF au oili. Huu umekaa sawa.

Rangi ya mafuta haisemi kiasi cha maji. Mapya ni meupe kama maji au ya njano hafifu, yaliyochoka ni kahawia, lakini mafuta ya njano safi yanaweza kuwa yamejaa maji. Kalamu za kupimia unyevu zenye taa zinasaidia kidogo, ila zinapima yaliyo kwenye kikopo, na yaliyo kwenye kalipa ndiyo yenye hali mbaya zaidi. Kama rekodi ya mara ya mwisho haipo, au imepita miaka miwili, badilisha bila kupima.

Pedali imejaribiwa hivi. Injini imezimwa, breki imekanyagwa mara kadhaa hadi pedali ikawa ngumu, mguu ukabaki juu yake, injini ikawashwa. Pedali ikazama kidogo, maana yake busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inafanya kazi. Kisha mguu ukabaki umekandamiza kwa dakika moja. Pedali ikiendelea kuteremka polepole bila mafuta kuonekana nje, sili za ndani za masta silinda zimechoka, na kumwaga mafuta mapya juu ya masta ya namna hiyo ni kupoteza fedha. Yetu imesimama.

Nyuma ya magurudumu tumekuta jambo moja. Wili silinda ya nyuma kushoto ina unyevunyevu chini ya mpira wake wa vumbi. Haidondoshi, lakini si kavu. Imeandikwa kwenye orodha ya yaliyobaki. Nipo (skrubu ndogo zenye tundu, za kutolea mafuta na hewa kwenye kila gurudumu) zote nne zimepigwa brashi ya waya na kupuliziwa dawa ya kutu kwa nje, kofia zake za mpira zikiwa zimevuliwa, ziachwe usiku kucha. Nipo za nyuma ndizo zinazoganda zaidi, kwa kuwa zinakula tope na maji ya barabarani na hakuna anayezifungua.

Vifaa na mafuta

Mfuniko wa kikopo cha breki umeandikwa DOT 3. Tumenunua DOT 4 kwa sababu ya mlima. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za glaikoli na zinakubali kuchanganyika. DOT 5 ni silikoni, kwa kawaida ya zambarau, haichanganyiki na hizo nyingine na haina nafasi kwenye gari hili. Majina ya 5 na 5.1 yanafanana mno, kwa hiyo soma chupa mara mbili dukani.

Kiasi ni lita 1, na tumechukua chupa mbili za mililita 500 badala ya moja ya lita, ili ya pili ibaki na lakiri yake mpaka ya kwanza iishe. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa kwenye kabati miezi kadhaa imeshaanza kunyonya unyevu. Isitumike hata kama imejaa. Ukinunua, hakikisha chini ya kifuniko kuna karatasi ya lakiri isiyotobolewa. Chupa ya dukani yenye kifuniko kinachozunguka bila kukatika pete, rudisha.

Kwa usukani, kikopo kimeandikwa ATF DEXRON II au III. Mfumo wote unachukua karibu lita 1, na tumenunua lita 2, kwa kuwa nusu itatumika kusukuma uchafu. Kwa wenye magari mengine: Honda inataka mafuta yake maalumu ya usukani, na magari mengi ya Ulaya yanatumia mafuta ya kijani ya majimaji. Usifuate rangi, fuata maandishi ya mfuniko. Na Vitz, IST na Passo hazina mafuta ya usukani kabisa, zinasaidiwa na mota ya umeme. Kumbe kuna wanaotozwa fedha ya huduma hiyo.

Vifaa: jeki, stendi nne, wili spana ya 21, spana ringi za 8 na 10, mpira mwembamba unaoonyesha ndani wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5 hivi, chupa ya soda, bomba kubwa la sindano, matambara, na ndoo ya maji safi. Ndoo ni ya lazima. Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji mengi papo hapo. Ukifuta kwa tambara kavu unayasambaza. Yakiingia machoni, suuza kwa maji mengi bila kungoja. Pia kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 4 hadi 5, sababu yake inakuja.

Jumamosi: breki

Gari liko mahali tambarare, nati zimelegezwa kabla ya kuinua, stendi zimekaa chini ya sehemu za bodi zilizotengwa kwa jeki. Jeki peke yake haitegemewi na mtu anayeingiza kichwa kwenye upinde wa gurudumu. Injini imezimwa muda wote.

Kwanza kikopo. Bomba la sindano limenyonya mafuta ya zamani mpaka karibu na chini, bila kuacha matundu ya kuelekea masta silinda yakae wazi. Tope jeusi la chini limefutwa kwa tambara lisiloacha nyuzi. Kikopo kikajazwa mafuta mapya. Ukiruka hatua hii, uchafu wote wa kikopo unasukumwa kupitia masta silinda na bomba zote kabla haujatoka.

Kipande cha mbao kimewekwa sakafuni chini ya pedali ya breki. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda inatembea sehemu fupi tu ya silinda. Sehemu ya mbele yake haiguswi kwa miaka, na inashika kutu na utando. Anayekanyaga pedali hadi sakafuni wakati wa kutoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta, anazipitisha sili kwenye ukuta huo wenye kutu, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inaanza kuzama jioni. Mafuta mapya ndiyo yanayolaumiwa. Mbao inazuia hilo kabisa.

Mpangilio wetu umeanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Breki za Corolla hii zimegawanywa kwa mshazari, yaani gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili ziko kwenye chumba kimoja cha masta, kwa hiyo wapo mafundi wanaokwenda mshazari: nyuma kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, mbele kushoto. Kwa kubadilisha mafuta tu, bila kuingiza upepo, njia zote mbili zinafika. Kisichosameheka ni kuacha kikopo kikauke katikati. Wenye Hilux wakumbuke kwamba zipo zenye valvu ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma, nayo ina nipo yake ambayo wengi huiruka.

Nipo ya nyuma kushoto ilikuwa imeganda. Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani zinapoharibika, kwa hiyo tunaieleza kwa urefu. Nipo ni kitu chembamba chenye tundu katikati. Ikilazimishwa kwa spana ya mdomo wazi, kona za kichwa zinazunguka, na ikilazimishwa zaidi inakatika ndani ya silinda. Tumia soketi au ringi yenye pembe 6, isiwe ya pembe 12, ikae kichwani hadi mwisho. Gonga kichwa cha nipo kwa nyundo ndogo mara chache, mapigo mafupi ya kushuka moja kwa moja, ili mtetemo uvunje kutu kwenye nyuzi zake za skrubu. Kisha jaribu kubana kidogo sana kwanza, halafu fungua. Mara nyingi kutu inaachia upande wa kubana. Rudia dawa na kugonga, subiri, rudia. Hii ya kwetu iliachia kwa mlio mkavu, mwembamba, na unga wa kahawia ukamwagika kwenye nyuzi. Kama isingeachia, hesabu ya busara ni kununua wili silinda nzima. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kuchimba nipo iliyokatika.

Baada ya hapo kazi ina wimbo wake. Spana inavikwa kwanza kwenye nipo, halafu mpira unaoonyesha ndani juu yake, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta mapya kidogo yanayofunika ncha hiyo. Mpira unapindwa upande juu kwanza kabla ya kushuka kwenye chupa, ili kipovu kikitoka kipande juu na kisirudi kwenye nipo. Aliyeko ndani ya gari anaambiwa "kanyaga", anajibu "nimekanyaga". Nipo inafunguliwa robo hadi nusu mzunguko, pedali inashuka hadi kwenye mbao, anajibu "imefika". Nipo inafungwa. Ndipo anaambiwa "achia". Akiachia kabla nipo haijafungwa, silinda inavuta hewa kupitia nyuzi za nipo na kazi inaanza upya. Majibu yasemwe kwa sauti kila mara, hata kama inaonekana utoto.

Kila baada ya pedali tano au sita, tazama kikopo na ujaze. Gurudumu la kwanza linatumia mafuta mengi kwa sababu linasafisha na bomba ndefu. Nyuma kushoto imekula karibu mililita 250 kabla rangi haijabadilika kutoka chai hadi maji. Nyuma kulia kidogo pungufu ya hapo. Za mbele zina bomba fupi, ila kalipa ina nafasi kubwa ndani, na mafuta yaliyotoka humo yalikuwa meusi zaidi kuliko ya mahali pengine pote, yenye chembechembe. Hayo ndiyo mafuta yaliyokuwa yakipikwa kila tukishuka mlima.

Anayefanya kazi peke yake ana njia mbili. Ya kwanza ni kuacha mafuta yadondoke yenyewe: nipo wazi, mpira kwenye chupa, kikopo kikijazwa; ni polepole lakini ni salama kwa masta silinda. Ya pili ni pampu ya kunyonya kwenye nipo. Hii inaleta mkanganyiko, kwani hewa inapenya kwenye nyuzi za nipo iliyofunguliwa na vipovu vinaonekana kwenye mpira bila kukoma, wakati ndani ya mfumo hakuna upepo. Ukitumia pampu, usihukumu kwa vipovu. Hukumu kwa rangi, kisha malizia kwa pedali mara chache.

Nipo zimebanwa Nm (nyutoni-mita) 8.3. Ni nguvu ndogo: spana fupi na vidole, si kiganja. Kofia za mpira zimerudishwa, kila nipo imesuuzwa kwa maji na kukaushwa, ili uvujaji wowote wa baadaye uonekane. Nati za magurudumu ni Nm 103, kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa chini.

Pedali ilikuwa ngumu lakini ilishuka mbali kidogo kabla ya kushika. Upepo una dalili yake: pedali ya sponji, inayopanda ukiipampu haraka mara mbili au tatu na kubaki laini. Hii haikuwa laini, ilikuwa ndefu tu. Sababu ilikuwa viatu vya breki vya nyuma kukaa mbali na dramu. Tumevirekebisha kwa gurudumu la meno la ndani, mpaka dramu ikawa inakwaruza kidogo sana ikizungushwa kwa mkono, na pedali ikapanda mahali pake. Wengi wanatoa upepo mara nyingi kutafuta pedali ya juu kwenye gari lenye dramu, na wanamaliza lita mbili za mafuta bure, wakati shida iko kwenye viatu.

Jaribio la barabarani: mwendo mdogo kwenye njia tupu, breki laini kwanza, halafu za nguvu, gari lisivute upande. Kurudi, kikopo kimetazamwa na nipo zote zimepapaswa. Kavu.

Jumapili: usukani

Vyombo vya breki vimefungiwa stoo. Leo ni vya ATF pekee.

Kwanza uchunguzi wa mahali yanapovuja, maana mafuta mapya hayazibi kitu. Mipira ya vumbi ya raki (fimbo ya meno inayogeuza magurudumu), kulia na kushoto, imeminywa kwa vidole. Ikiwa na mafuta ndani, sili za raki zimekwisha. Yetu ni mikavu. Mpira wa kurudishia mafuta kwenye kikopo umekakamaa na una jasho kwenye kibanio. Dawa za kuziba uvujaji zinazouzwa kwenye vichupa hatuziweki: zinafanya kazi kwa kuvimbisha sili, na sili iliyovimba leo inachakaa haraka kesho.

Ipo njia rahisi ya kunyonya kikopo kwa bomba la sindano, kujaza, kuendesha, na kurudia. Ifahamike inafanya nini. Kama kikopo kinashika theluthi moja ya mafuta yote, mara ya kwanza theluthi mbili za zamani zinabaki. Baada ya mara tatu, karibu asilimia 30 bado ni ya zamani. Baada ya mara tano, asilimia 13. Kwa mafuta mekundu yaliyofifia kidogo inafaa. Kwa yaliyokuwa meusi kama haya, tumeamua kufungua mpira wa kurudi.

Magurudumu ya mbele yako hewani, gari kwenye stendi. Kikopo kimenyonywa. Mkanda na altaneta vimefunikwa kwa mfuko wa plastiki, kwa kuwa ATF kwenye mkanda ni mlio na utelezi hadi mkanda ubadilishwe. Kikopo kina mipira miwili: mnene unaotoka chini kwenda kwenye pampu, na mwembamba wa kurudi. Usikisie, fuata kwa mkono hadi pampu. Mpira wa kurudi umechomolewa na kuunganishwa na mpira mrefu hadi kwenye chupa, na mdomo wake kwenye kikopo umezibwa kwa kofia ya mpira na kibanio. Kikopo chenyewe kimesuuzwa kwa ATF mpya kidogo, kwa sababu chini yake kuna wavu mwembamba unaoshika uchafu. Wavu ukiziba, pampu inakosa mafuta na kulia hata kama kikopo kimejaa.

Ufunguo umewekwa mahali pa kufungua loku ya usukani, injini imezimwa. Mmoja amezungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mwingine akimimina kwenye kikopo. Mafuta meusi yametoka kwa mapigo. Yakipungua kutoka, kikopo kimejazwa, injini ikawashwa. Hapa utaratibu wa Toyota ni wa kufuatwa neno kwa neno: mzunguko karibu 1,000 kwa dakika, na baada ya sekunde 1 au 2 mafuta yanaanza kutoka kwenye mpira, zima hapohapo, huku kukiwa bado na mafuta kwenye kikopo. Jaza, rudia mara nne au tano. Pampu inasukuma haraka kuliko mtu anavyomimina, na pampu ya usukani inalainishwa na mafuta yenyewe. Sekunde chache za ukavu zinakwaruza mabawa yake. Anayeshika ufunguo asimtazame mtu mwingine yeyote ila yule wa kwenye kikopo, na amri ni moja: "zima".

Mafuta yalipotoka mekundu safi, mpira umerudishwa na kibanio kimesogezwa mahali pengine kwenye mpira, si kwenye mfereji wake wa zamani.

Kutoa upepo: injini imezimwa, usukani umezungushwa mwisho hadi mwisho mara kadhaa. Kisha injini kwenye sailensi (ikiwaka bila kukanyagwa mafuta), tena mwisho hadi mwisho, ukishika kila mwisho kwa sekunde 2 au 3 tu. Ukiukandamiza mwishoni zaidi ya sekunde 10, valvu ya presha inakuwa wazi muda wote na mafuta yanachemka ndani ya pampu. Povu la waridi likionekana kwenye kikopo, zima, acha litulie, endelea.

Kipimo cha mwisho ni kizuri na watu wachache wanakitumia. Mafuta yakiwa yamepata moto, tazama usawa wake injini ikiwaka, kisha zima na utazame tena. Usawa ukipanda zaidi ya milimita 5, bado kuna upepo ndani: upepo uliobanwa na presha unapanuka injini ikizimwa na kusukuma mafuta juu. Mara ya kwanza umepanda zaidi ya hapo, ikabidi kuliacha gari lipoe na kurudia. Mara iliyofuata umepanda kidogo sana, kama milimita 2.

Mlio wa pampu umepungua sana ila haujaisha kwenye kona kali mafuta yakiwa baridi. Povu likirudi baada ya kutoa upepo vizuri, mtuhumiwa wa kwanza ni kibanio cha mpira mnene wa kuvuta: upande huo hauna presha, kwa hiyo haudondoshi mafuta nje, unavuta hewa ndani. Tumekibana na kukipaka ATF kuzunguka, mlio haukubadilika. Tunashuku mabawa ya pampu yenyewe.

Jumamosi iliyofuata: ukaguzi wa baada ya kilomita 100

Nati zimebanwa upya, moja ya mbele kulia ilikubali robo mzunguko. Kikopo cha breki hakijashuka. Nipo zote kavu, pedali ileile. ATF iko kwenye alama ya HOT, nyekundu yenye kivuli cha kahawia, maana yake kuna mabaki ya zamani yaliyokuwa kwenye raki. Yatanyonywa kwa bomba la sindano na kujazwa mara moja tena.

Mafuta machafu yamehifadhiwa kwenye chupa mbili. ATF inapokelewa na wanaokusanya oili chafu. Ya breki haimwagwi kwenye dumu la oili wala kwenye mtaro, inabaki na chupa yake iliyoandikwa.

Yaliyobaki: wili silinda ya nyuma kushoto inabadilishwa, zote mbili za nyuma kwa pamoja, na upepo utatolewa upya kwa magurudumu ya nyuma. Mpira wa kurudi wa usukani utawekwa mpya, wa kustahimili mafuta, usiwe wa maji. Chupa ya pili ya DOT 4 imefunguliwa, imebaki mililita 200; kwa kuwa wili silinda zinakuja wiki ijayo, mafuta hayo yatatumika wakati huo, na kitakachobaki baada ya hapo kitatupwa. Tarehe ya kubadilisha tena, miaka miwili mbele, imeandikwa kwenye utepe uliobandikwa chini ya boneti, karibu na kikopo.